Dirisha Linatazama Upande Gani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kama mtu anavyokiri kwamba mguu wake mmoja ni mfupi. Nilizaliwa Muhoroni, katikati ya miwa, ambako maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona utotoni yalikuwa ya pipa. Nilipoolewa huku kando ya ziwa nilielewana na ziwa kwa masharti: lenyewe likae pale, mimi nikae hapa. Asubuhi naenda soko la Kibuye kuuza mashuka ya mitumba, jioni narudi. Nikialikwa harusi ya mbali, kichwa kinaanza kuniuma wiki moja kabla. Jirani yangu wa sokoni, mama anayeuza mapazia, husema siku nikifa itabidi maiti yangu ibembelezwe ndipo ikubali kwenda mochari.

Kwa hiyo mwanangu aliponiandikia kwenye simu kwamba amenipatia nafasi ya jamaa za wafanyakazi kwenye meli yao, siku saba baharini, kutoka Mombasa hadi Shelisheli na kurudi, nilimpa yule jirani simu asome ili tucheke pamoja. Akasoma mara mbili. Hakucheka.

"Enda," akasema. "Enda umlete."

Hilo ndilo jambo lenyewe, na afadhali nilitaje mapema. Mwanangu ni mmoja tu, msichana. Alikuwa ameondoka miaka mitatu nyuma kwenda kutandika vitanda kwenye meli za watalii. Miezi tisa, alisema, halafu narudi. Mkataba ukaisha, akasaini mwingine. Huo nao ukaisha, akasaini wa tatu bila kukanyaga nyumbani. Mapumziko yake aliyamalizia kwa rafiki, kwenye mji wa bandari ambao kila nikijaribu kuutamka ulimi unakwama. Sasa huo wa tatu ulikuwa unaisha na safari hii hii aliyonialika. Meli ikirudi Mombasa yeye atakuwa mtu huru, na mtu huru anaweza kupanda basi la Kisumu na mama yake.

Bomani tunakaa wawili, mimi na mama mkwe wangu, kila mtu na nyumba yake. Mume wangu naye yupo, kwa namna yake. Alikuwa fundi wa injini kwenye boti ya mizigo iliyopeleka saruji na soda visiwani, na siku moja boti haikurudi. Wenzake wawili walipatikana. Yeye hakupatikana. Kwetu, mtu aliyepotea majini haachwi hivyo hivyo bila kaburi. Linakatwa tunda la yago, lile tunda refu la kijivu linaloning'inia mtini kwa kikonyo kama kamba, zito, gumu, lenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Linafunikwa nguo, linaliliwa, linazikwa badala yake. Kaburi lililo mbele ya nyumba yangu lina tunda ndani. Nimelipalilia miaka kumi na minne. Siku nyingine nimeligombeza, hasa paa linapovuja.

Lakini wakati wa kumzika mume wangu tulikawia. Haukuwa msimu. Mti wetu ulio kando ya kijito ulikuwa na maua tu, na shemeji zangu wakazunguka siku nne kutafuta tunda kwenye boma za watu. Siku zote nne mama mkwe alikaa mlangoni, hali, hasemi, mtoto wake hana hata kitu cha kuzikwa. Siku ya tano tunda lilipoletwa kwa baiskeli, alisema neno moja tu: "Sitachelewa tena." Mimi nilidhani ni uchungu unaosema. Watu husema mengi wakiwa na uchungu. Yeye alikuwa anapanga.

*

Mwanangu alituma picha za vyumba vya aina tatu ili nichague. Nikamshikia mama mkwe simu karibu na jicho lake zuri.

Cha kwanza kilikuwa na baraza yake, viti viwili na bahari yote mbele. Jirani wa mapazia alikisifu sana. "Utaanika nguo hapo," akasema, "halafu jioni ukae kama mke wa waziri." Cha pili kilikuwa na dirisha la duara lisilofunguka, kama la mashine ya kufulia. Cha tatu hakikuwa na kitu. Kuta nne, kitanda na mlango.

Chini ya picha mwanangu alikuwa ameandika kwamba mtu akisafiri peke yake hutozwa karibu kama watu wawili, kwa kuwa chumba ni cha wawili, lakini nisijali, nafuu ya jamaa imefunika hilo. Nikamwambia jirani hao wenye meli hawawezi kunishtua. Mtu asiyekuwepo nimeshamgharamia miaka kumi na minne, na hata shukrani sijasikia.

Mama mkwe hakuwa na habari na baraza. Aliuliza swali moja.

"Na mtoto, yeye analala kipi kati ya hivi?"

Nikaandika. Siku mbili zikapita, ujumbe una alama moja tu ya kijivu, yaani haujamfikia. Siku ya tatu jibu likaja: *Mama, sisi tuko chini.*

"Chini ya nini?" akauliza mama mkwe.

"Chini tu, Mama. Ghorofa ya chini."

"Nimekuuliza chini ya nini, nyar Muhoroni."

Ananiita hivyo, binti wa Muhoroni, siku akinipenda na siku akinichoka, kwa sauti ile ile, kwa hiyo sijui kamwe tumefika wapi. Nikasema sijui. Akarudisha jicho lake kwenye kuku.

"Basi utaenda ukaone anapolala," akasema. "Halafu urudi naye. Nikuone wewe, nimwone yeye nyuma yako."

Nikachagua kile cha tatu, kisicho na kitu. Mwanangu alinipigia simu akiwa amekasirika kabisa. "Mama, chukua baraza! Watu wanakesha wakiota hiyo baraza!" Nikamuuliza vyumba anavyotandika yeye ni vipi. Akasema ni vya ndani, vya korido ya ghorofa ya nne. Nikasema basi nipe cha korido yako. Akasema, "Mama, wewe ni mshamba wa mwisho." Lakini Kibuye hatuchagui kibanda kwa sababu ya paa lake. Tunachagua kwa sababu ya jirani.

Asubuhi ya kuondoka, mama mkwe alichana ukanda kutoka kwenye shuka langu moja, la mistari ya buluu, tena la daraja la kwanza, bila kuomba. Akashika fimbo, akashuka polepole mpaka kijitoni, mimi nikimfuata na begi mgongoni kama mwanafunzi wa bweni. Mwaka huu mti ulikuwa umezaa. Niliyahesabu matunda: tisa. Akachagua lililoning'inia chini, jembamba, refu, akafunga ule ukanda kwenye kikonyo chake.

Nikajua maana yake. Naogopa kirahisi, na nikiogopa naanza mzaha.

"Mama, hata kama unanipimia, si ungechagua lile nene? Hili mimi nitaenea wapi?"

Aliligusa tu tunda, likaanza kubembea. Mpaka nafika barabarani nilikuwa nimeshajipa moyo: ananipenda, yule mzee, ndiyo maana ananiona mwembamba.

*

Meli sitaieleza sana. Chukua Kibuye, isimamishe wima, iogeshe, ipake rangi nyeupe, uondoe kelele. Kilichonitisha ni hicho cha mwisho. Watu wengi kiasi kile, na zulia linameza kila hatua.

Chumba changu kilikuwa kama nilivyokichagua. Vitanda viwili vilivyosukumwa pamoja. Mito miwili. Vikombe viwili. Kabatini majaketi mawili ya kuelea, ya rangi ya machungwa, yamekaa bega kwa bega kama watu wanaosubiri kuitwa. Tulipofanyishwa zoezi la dharura nilivaa langu nikasimama kwenye mstari, na muda wote nilikuwa nalifikiria lile lingine lililobaki kabatini.

Kwa kuwa hakukuwa na dirisha, hakukuwa na asubuhi. Ukizima taa ni giza la ndani ya gunia. Mgeni mwenzangu kwenye lifti alinifundisha kwamba televisheni ina stesheni moja ya kamera iliyofungwa mbele ya meli. Wenye vyumba vya ndani huiacha wazi iwe dirisha lao. Nikaiacha wazi. Ilionyesha maji na ncha ya meli ikiyapasua, hakuna mtu, hakuna sauti, siku nzima. Nimetazama tamthilia nyingi maishani lakini ile ndiyo ya kwanza niliyoshindwa kujua kama imeanza.

Siku ya kwanza baada ya kung'oa nanga, mlango ukagongwa. Nje kulikuwa na toroli la mashuka, na nyuma ya toroli mwanangu.

Alinisalimia kwa Kizungu, kwa tabasamu la kazini, kama mtu ambaye hajawahi kuniona. Msimamizi wake alikuwa akipita koridoni. Alipopinda kona, tabasamu lile likashuka, na mwanangu akaweka paji la uso begani kwangu. Nikamshika. Mikono yangu ilizunguka na kukutana upande wa pili.

Alikuwa amekonda. Alikuwa mrefu siku zote, amefuata kwa baba yake, lakini sasa alikuwa mwembamba, wa kijivu kidogo, kama mtu asiyeonwa na jua. Nikasimama pale, nimemshika, na ule ukanda wa mistari ya buluu ukanijia mbele ya macho, umefungwa kwenye kikonyo cha tunda jembamba, refu. Halikuwa langu. Mama mkwe hakuwa amenipima mimi.

"Yawa, Mama, unaniumiza," akasema. Halafu akaona kitanda. "Nani ametandika?"

"Mimi."

"Usitandike!"

"Kwani mtu aamke aache kitanda kama kiota?"

"Mama, wewe hapa ni mgeni. Wewe kazi yako ni kuchafua. Msimamizi akiona hizi kona atajua si zangu. Hizi ni kona za Kibuye!" Akavuta shuka lote, akalitandika upya, mikono ikienda yenyewe. Vyumba vyake vilikuwa ishirini na viwili asubuhi hiyo. Kila kimoja kilikuwa na dakika zake, na changu kilikuwa kimekula dakika za jirani.

Sasa, mashuka ndiyo elimu yangu. Kidato cha nne nilipita kwa kusukumwa, lakini nikiona shuka likikunjwa mara moja nimelijua. Nikatazama ile kona yao, jinsi inavyopinda kama bahasha. Kesho yake aligonga, akaingia, akasimama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kona za meli, taulo zimekunjwa tatu tatu, bafu linang'aa, kikapu cha taka kitupu.

Akakitazama chumba, akanitazama mimi. Akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha kukohoa.

"Mama, watakuajiri."

"Kaa," nikamwambia. "Dakika zako ziko hapo. Zikae."

Hivyo ndivyo nilivyosafiri bahari ya Hindi. Wenzangu walikuwa juu wakipigwa jua kando ya bwawa, mimi nilikuwa ndani nikisugua sinki, ili mwanangu apate dakika kumi za kukaa kitandani kwa mama yake, mlango ukiwa wazi nusu kama sheria yao inavyotaka. Siku ya pili alizungumza. Alinisimulia habari za wageni, mzee mmoja anayesafiri peke yake kila mwaka kwenye chumba kile kile na kulipia kitanda cha mkewe marehemu, na hataki mto wake uondolewe. Siku ya tatu hakuzungumza. Alilala. Aliangukia upande wa pili wa kitanda, kwenye ule mto wa mtu asiyekuwepo, chali, miguu pamoja, mikono kifuani, na akapotea.

Nikakaa nikimlinda. Kwenye televisheni maji yalikuwa yanakuja, yanakuja. Sikuupenda mlalo ule. Nilimkunja goti moja ili afanane na mtu anayelala.

*

Siku ya nne nilimwambia, "Nionyeshe unapolala. Dani yako ameniagiza." Bibi yake tunamwita Dani.

"Hairuhusiwi, Mama. Wageni hawashuki."

"Mimi si mgeni. Mimi ni mama."

"Hapa wewe ni namba ya chumba."

"Basi nieleze."

Alikuwa anakunja taulo. Wana ufundi huo, kukunja taulo liwe mnyama wa kuwafurahisha wageni: tembo, nyani, bata. Aliendelea kukunja huku akisema. Wanalala wanne. Chake ni kitanda cha juu, pazia moja, dari karibu na pua. Hakuna dirisha, hakuna chumba chochote cha upande ule chenye dirisha. Amezoea. Upande wa ukuta ndio mbele ya meli, au ubavuni, hata yeye hana hakika. Ukiweka sikio unasikia maji yakipita.

"Yanapita chini yako," nikasema.

"Hapana, Mama." Akavuta sikio la taulo, likawa kiboko. "Yanapita juu kidogo. Sisi tuko chini yake."

Akaniwekea kile kiboko kitandani, akasukuma toroli lake akaenda.

Swali la mama mkwe likawa limepata jibu. Chini ya nini. Nikakaa na jibu hilo mpaka saa ya chakula cha mchana, halafu nikafanya kitu ambacho mtu wa nyumbani hafanyi. Mwisho wa korido yetu kulikuwa na mlango wa chuma wenye maandishi ya wafanyakazi tu. Mtu mwenye trei akatoka, nami nikaingia kabla haujajifunga.

Zulia lilikuwa limeishia pale pale mlangoni. Ngazi zilikuwa za chuma, taa nyeupe, joto kama la jikoni kwenye matanga, na harufu ninayoijua kuliko harufu zote: mashuka yanayofuliwa, mamia kwa mamia. Nikashuka ngazi ya kwanza. Nikashuka ya pili. Kelele ya injini ikapanda kutoka kwenye nyayo. Kwenye kona nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa baridi, wakati kila kitu kingine kilikuwa moto, na ulikuwa unatetemeka. Na nyuma yake, wazi kabisa, kitu kizito kilikuwa kinajisugua na kupita, kinajisugua na kupita. Kilikuwa usawa wa kichwa changu. Nilikuwa bado sijafika anapolala. Zilibaki ngazi nyingine mbili kwenda chini.

Nikakumbuka boti ya mizigo. Fundi wa injini hukaa wapi boti ikizama? Miaka kumi na minne nilikuwa sijawahi kujiuliza hivyo, kwa makusudi.

"Mama, umepotea?" Kijana wa ulinzi alikuwa amesimama nyuma yangu, mpole, amenishika kiwiko. Kwa sauti yake alikuwa Mkenya. Akanipandisha juu, akaniomba nisirudie, kwa kuwa atakayeulizwa si mimi, ni jamaa yangu. Alijua jamaa yangu ni nani. Huko chini wanajuana.

Kesho yake mwanangu alipoingia hakukaa.

"Wameniuliza," akasema.

"Nisamehe."

"Umeona?"

"Nimefika nusu."

Alishika mto wa upande wa pili, akaubadilishia foronya iliyokuwa safi. Nyuma yake televisheni ilikuwa imegeuka kijivu mtupu. Kulikuwa na ukungu au mvua, maji na anga havikutofautiana, ungedhani meli imesimama.

"Tutateremka pamoja Mombasa," nikasema. Nilikuwa nimelipanga kuwa swali, likatoka hivyo. "Basi ni la asubuhi. Nimekuchukulia kiti cha dirishani."

"Mama."

"Dani yako amefuga jogoo kwa ajili yako. Ana ukorofi kama wewe."

"Mama, nimeshasaini."

Nikamuuliza lini. Nilidhani ni jana, kwa hasira, kwa sababu ya zile ngazi. Hiyo ningeweza kuibembeleza.

"Kabla hujapanda," akasema. "Kabla sijakutumia zile picha. Ndiyo maana nilikuita. Nilijua sitakuja, nikaona basi wewe uje. Nikataka ukae kwenye baraza, Mama. Nilitaka nikutandikie chumba chenye baraza."

Ilibidi nikae chini, kwenye kile kitanda nilichokitandika mwenyewe. Nilikuwa nimechagua chumba cha ukuta ili niwe karibu naye, na yeye alikuwa ameniandalia bahari nzima ili nimsamehe. Nikatafuta mzaha. Huwa ninao, kila mahali. Sikuupata.

"Miezi mingapi?"

"Tisa tu," akasema. "Halafu narudi."

*

Nyumbani nilifika mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni. Hakunitazama mimi, alitazama nyuma yangu, barabara iliyokuwa tupu, akaitazama kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

"Uko peke yako."

"Anamalizia kidogo, Mama. Atakuja."

"Umeona anapolala?"

"Nimeona."

"Pana dirisha?"

Nilikuwa nimesafiri siku mbili nikilijua swali hilo linanisubiri, na siku mbili nilikuwa nimejiapiza kusema kweli. "Lipo," nikasema. "Dirisha zuri."

"Linatazama upande gani?"

"Upande wa huku. Wa nyumbani."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali. Kisha akasema, bila ukali wowote:

"Meli si inageuka, nyar Muhoroni? Sasa dirisha lake linatazamaje upande mmoja?"

Akainuka kwenda kunichemshia chai.

Jioni kabla jua halijashuka nilikwenda kijitoni kuchota maji. Nikainua macho. Nikahesabu, nikahesabu tena kutoka upande wa pili wa mti. Yalikuwa manane. Lililofungwa ukanda halikuwepo. Nikatafuta kwenye majani, labda limeanguka, maana tunda zito kama lile likianguka huacha shimo. Hakukuwa na shimo. Kikonyo kilikuwa kinaning'inia, kimekatwa kwa kisu, sawasawa.

Nililiona wiki iliyofuata, nikifagia nyumbani kwa mama mkwe yeye akiwa kanisani. Lilikuwa chini ya kitanda chake, upande wa ukutani, gizani kabisa. Alikuwa amelifunga kwenye sweta ya shule ya mwanangu, ile ya kijani ya kidato cha pili, mikono ya sweta imekunjwa kifuani.

Nikalivuta nje. Lilikuwa zito kama mtoto wa miezi sita. Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kulitupa kijitoni, na nilishafika mlangoni ndipo nikaona ninachotaka kufanya: kijito kinaingia ziwani, na mimi nilikuwa nataka kulitosa majini kwa mikono yangu. Nikarudi. Kulizika, hilo ndilo lililokatiwa. Kulichoma, hapana, sikuthubutu hata kulimaliza wazo hilo. Nilizunguka na lile tunda ndani ya nyumba ya chumba kimoja kama mtu anayetafutiwa nafasi mahali ambapo pote pamejaa.

Mwisho nikaliweka dirishani. Nyumba ya mama mkwe ina dirisha moja, linatazama barabara. Nikaliegemeza pale, nikaivuta sweta shingoni ili isiwe imefunika juu.

Aliporudi kutoka kanisani alisimama mlangoni na Biblia kwapani, akaliona. Nikangoja anigombeze. Alivua leso ya kichwani, akaikunja, akaja akaliinua kidogo, akaliwekea leso chini yake lisikwaruzwe na saruji.

"Hapo kuna jua," akasema.

Lipo mpaka leo. Linazidi kukauka na kuwa jepesi. Kila Jumamosi nikilipangusa vumbi nasikia tofauti mikononi, na sipendi jinsi linavyopungua. Mwezi wa tano sasa tangu nirudi. Asubuhi kabla sijaenda Kibuye napita kumwamkia mama mkwe, na sote wawili tunalitazama kwanza, halafu natoa simu. Ujumbe wangu wa Jumanne una alama moja ya kijivu. Leo ni Ijumaa. Huwa inatokea, bahari ikiwa mbali mtandao unakatika, alishanieleza.

"Amesema nini?" anauliza mama mkwe.

"Anakusalimu," nasema.

Yeye anasogeza lile tunda kidogo, lilifuate jua.